Gunia moja la mahindi, milango minne ya utafiti

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakuomba tuzungumze juu ya utafiti. Najua neno lenyewe halina utamu. Mtu akilisikia hufikiria vitabu vinene, makongamano ya hotelini, na vijana wanaopita nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali, kisha wasionekane tena. Lakini leo nitalieleza kwa kitu ambacho kila mmoja wetu anakifahamu, nacho ni gunia la mahindi.

Katikati ya mwaka 2016, watu katika baadhi ya vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuugua. Walitapika, matumbo yakawauma na kujaa, macho yakageuka rangi ya manjano. Mwanzoni uliitwa ugonjwa usiojulikana, na maneno mengi yalisemwa juu yake. Ilipofika mwisho, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki dunia. Wengi wao hawakuwa wamekula kitu cha ajabu. Walikula ugali na kunywa uji wa mahindi waliyovuna wenyewe.

Chanzo kilikuwa sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na aina fulani ya kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine, hasa mazao yakipata ukame shambani au yakiwekwa ghalani yakiwa mabichi. Ikiingia mwilini kwa wingi huharibu ini na kuua kwa muda mfupi. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini. Tena haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Mahindi yaliyopimwa kutoka kaya zilizopatwa na msiba mwaka ule, yapo yaliyozidi kiwango kinachoruhusiwa mara elfu na zaidi.

Sasa ndugu msikilizaji, hebu tujiulize. Je, sumu hii ilikuwa ngeni kwa wataalamu? La hasha. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili. Wanakemia wakakaa maabara mpaka wakaipata sumu yenyewe. Wakaziita aina zake B na G, kwa sababu zikimulikwa kwa mwanga wa urujuani nyingine hung'aa rangi ya buluu na nyingine ya kijani, na hizo ni herufi za kwanza za rangi hizo kwa Kiingereza. Na si Ulaya tu. Mwaka 2004 jirani zetu wa Kenya, hasa wilaya za Makueni na Kitui, walipata wagonjwa 317 na vifo 125 kwa sumu hii hii ya mahindi.

Kwa hiyo mtu wa Chemba alipofariki mwaka 2016, elimu ambayo ingemwokoa ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Ilikuwa imeandikwa, imechapwa na kuhifadhiwa kwenye maktaba. Mwaka huo huo serikali ilitangaza kuhamia Dodoma. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 pale Chimwaga, kilikuwa kimekwisha timiza miaka tisa. Elimu ilikuwa jirani. Kilichokosekana ni njia ya kutoka maktaba hadi jikoni.

Mimi si mwanakemia, ni mwandishi wa habari. Lakini nikiitazama habari hii naona kwamba gunia lile lilihitaji kupita milango minne, na milango hiyo kila siku ina watu ndani yake wanaofanya utafiti, ila aghalabu hawagongeani hodi.

Mlango wa kwanza ni kemia. Mwanakemia ndiye anayeweza kutuambia mahindi haya yana sumu au hayana. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu katika kilo moja. Maana yake ni kwamba katika tani nzima, yaani magunia 10 ya kilo 100, sumu isizidi miligramu 10, uzito wa chembe chache za sukari. Jicho la mama aliye kwenye ungo haliwezi kuona kitu hicho. Lakini maabara haiwezi kupima kila debe la kila kijiji. Mwanakemia akiishia kwenye kupima, atatupa idadi ya waliokwisha kula.

Mlango wa pili ni fedha. Tunamwambia mkulima ayakaushe mahindi vizuri, yasibaki na maji zaidi ya asilimia 13.5. Vema. Lakini mahindi yakikauka hupungua uzito. Mkulima wa Kongwa akipeleka soko la Kibaigwa mahindi makavu, na jirani yake akapeleka yenye unyevu, na mnunuzi akatoa bei moja kwa kilo, aliyekausha ndiye aliyepata hasara. Ameadhibiwa kwa wema wake. Ongeza gharama ya turubai, mifuko isiyopitisha hewa, na ada ya mtoto inayodaiwa kabla mahindi hayajakauka. Haya ni maswali ya mtu wa uchumi na uhasibu: nani alipie ukaushaji, na bei ipangwe vipi ili mahindi salama yamlipe aliyeyatunza? Msidhani ni jambo dogo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ilifungua mpaka kwa masharti, lakini wafanyabiashara walikuwa wamekwisha ona kwamba sumu isiyoonekana inaweza kufunga mpaka.

Mlango wa tatu ni kompyuta. Kuvu hawa hupenda joto na mahindi yaliyoteswa na kiu wakati punje zinajaza. Sisi wa nyanda hizi tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, nayo hukatika inapotaka. Mtaalamu wa kompyuta akichukua takwimu za mvua na joto kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, akaziunganisha na tarehe za kupanda, anaweza kusema kabla ya mavuno ni kata zipi ziko hatarini zaidi mwaka huu. Huko Italia watafiti wametunga programu ya namna hiyo kwa ajili ya mahindi. Basi maabara ingejua ianze wapi kupima, na bwana shamba angejua aanze kijiji gani. Onyo lingeweza kufika kwa simu ya mkononi, simu ile ile inayotumika kutuma na kupokea fedha.

Lakini onyo hilo liandikwe kwa lugha gani? Hapo tunafika mlango wa nne, elimu. Neno "sumukuvu" lenyewe ni zuri. Limeunganishwa na maneno mawili ya Kiswahili na linajieleza. Hata hivyo, Chemba kuna wazee wanaozungumza Kirangi, Kiburunge na Kisandawe kuliko Kiswahili, na kwao ukungu kwenye mahindi ni jambo la kila mwaka, halitishi. Aidha, mtoto aliyefika sekondari anafundishwa habari za kuvu kwa Kiingereza, akirudi nyumbani hana maneno ya kumweleza bibi yake. Namna ya kumfanya mtu aamini hatari asiyoiona ni somo zito, na walimu wetu wanalisomea.

Nitoe mfano wa utafiti uliopita milango yote. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi mpaka theluthi, tia vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji mengi, yarudishe juani. Chumvi ikibaki chini, yanakaribia kufaa kuhifadhiwa. Hiyo ni kemia, haigharimu kitu, haihitaji umeme, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kumfundisha babu yake. Haipimi sumu, inapima unyevu tu, lakini ukiushinda unyevu umeiziba njia mojawapo kubwa ya sumu.

Nisije nikaonekana sijui yaliyofanyika. Mwaka 2018 ilisajiliwa nchini dawa iitwayo Aflasafe, ambayo hunyunyiza shambani kuvu wasio na sumu ili wawazuie wenye sumu kupata nafasi. Serikali ikaanzisha mradi wa TANIPAC wa kudhibiti sumukuvu. Nawapongeza wote waliohusika. Lakini ripoti ya kitaalamu ya msiba wa 2016 ilichapwa mwaka 2018 kwa Kiingereza, katika jarida la nje, kama zinavyochapwa tafiti zetu nyingi. Siwalaumu waandishi wake, kwa kuwa mwanataaluma hupandishwa cheo kwa majarida hayo. Nauliza tu: waliojibu maswali, waliotoa damu na mahindi yao yapimwe, wao walisomewa nini?

Atatokea mtu aseme kazi ya mtafiti ni kutafiti, kuelimisha wananchi ni kazi ya bwana shamba na redio. Namjibu kwamba bwana shamba na redio hawawezi kusema wasichopewa. Mtu aliyekopa jembe la jirani hulirudisha mwenyewe, hamsubiri mwenye jembe aje kuliulizia.

Kwa hiyo natoa mapendekezo mawili. La kwanza, mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu aliyekusanya habari kijijini, iwe ya mikopo ya VICOBA, ya maji, ya shule au ya mahindi, asikabidhiwe shahada mpaka ameandika ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza alichokipata, na ukurasa huo ukasomwa kwenye mkutano wa kijiji. Ukurasa mmoja tu. Asiyeweza kueleza kazi yake kwa ukurasa mmoja huenda bado hajaielewa. La pili, fedha za utafiti zitolewe kwanza kwa wale watakaogonga milango ya wenzao: mwanakemia na mhasibu, mtu wa kompyuta na mwalimu, wakiwa juu ya tatizo moja. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Mavuno yapo kila mwaka, na kila mwaka kuna mama atakayeinama kwenye gunia achote mahindi ya kusaga. Hatauliza kama utafiti ulichapwa London au Dodoma. Anachohitaji kujua ni kama uji atakaompa mwanawe asubuhi ni salama, na jibu hilo tunalo.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane tena wiki ijayo.