Vumbi la Mawe Lina Kazi, Lakini Uliza Limetoka Wapi
(Mazungumzo kwa wanakisomo)



Leo tuzungumze juu ya mawe. Sisi wa Singida mawe tunayo. Simama kando ya Ziwa Singidani utayaona. Wenzetu huyapasua wakapata kokoto. Kokoto zikishauzwa, hubaki nini? Hubaki vumbi na chenga. Penye mashine za kusaga mawe, vumbi hilo huwa kilima kizima. Watu huliacha tu, na mvua ikinyesha linaingia mashambani.

Jamani, vumbi hilo laweza kusaidia mchanga katika zege.

Fanyeni hivi. Zege la sakafu hutaka ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Badala ya ndoo 2 za mchanga, tia 1 ya mchanga na 1 ya vumbi la mawe. Saruji usiipunguze! Wala usizidishe vumbi. Likizidi, zege hutaka maji mengi, na zege la maji mengi ni dhaifu.

Kwanza lipime. Tia vumbi na maji katika chupa, tikisa, acha mpaka kesho. Ukiona tope nene juu yake, lioshe. Kisha fyatua tofali moja la majaribio, ulimwagilie maji siku 7. Likimeguka kwa mkono, usijengee. Kwa nguzo na zege la juu, mwulizeni fundi mwenye ujuzi.

Sasa sikilizeni sana. Mtu atasema, "Hata machimboni kuna mawe yaliyosagwa, tukachukue ya bure." Hapana! Huko Sekenke, wilayani Iramba, dhahabu ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani. Mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu, ule uitwao marudio, huweza kuwa na zebaki. Zebaki ni sumu. Huharibu ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni. Kuuosha mchanga huo hakuondoi hatari, na maji yake yataingia kisimani. Usiuguse.

Na ninyi mnaogonga kokoto, lowesheni mawe kwanza. Vumbi lake likivutwa siku nyingi huharibu mapafu.

Basi, mkipita penye rundo, ulizeni: ni la kokoto au la dhahabu? La kokoto tulijengee. La dhahabu tuliache.