Nani Anachagua Nani? Bustani za Burudani za Kimataifa na Ufukwe wa Kigoma



Tarehe 7 Mei 2025 kampuni ya Disney ya Marekani ilitangaza nchi iliyoichagua kuwa makao ya bustani yake ya saba ya burudani. Nchi hiyo ni Umoja wa Falme za Kiarabu, na mahali penyewe ni Kisiwa cha Yas, Abu Dhabi. Tangazo hilo lilipokelewa kama posa ya tajiri: waliochaguliwa walipiga vigelegele, na wasiochaguliwa wakaanza kujitazama kwenye kioo wakitafuta kasoro zao. Tangu bustani ya kwanza ifunguliwe California mwaka 1955, kampuni hiyo imekwenda Florida, Tokyo, Paris, Hong Kong na Shanghai. Afrika haijapata kuchaguliwa.

Si ajabu, basi, kusikia watu wenye elimu wakiuliza kwa nini isiwe Tanzania, na ikiwa ni Tanzania, kwa nini isiwe Kigoma. Ziwa lipo, lenye urefu wa kilometa 673 na kina kinachokaribia mita 1,500. Sokwe mtu wapo Gombe na Mahale. Reli ipo, meli ya kihistoria ipo, na Ujiji ni jina linalojulikana hata kwa watu wasioweza kuionyesha Tanzania kwenye ramani. Swali hilo halistahili kuchekwa. Lakini kabla ya kulijibu yafaa kuuliza jambo jingine: je, ni kweli kwamba Kigoma haijapata kuchaguliwa?

Tuanze na meli. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli huko Papenburg, wakaiita Graf von Götzen, kisha wakaifungua vipande vipande na kuitia katika maelfu ya makasha. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa 1914, na makasha yale yalisafirishwa kutoka Dar es Salaam mpaka ukingoni mwa ziwa, meli ikaunganishwa upya, na Februari 1915 ikashushwa majini. Waingereza nao walileta motaboti mbili, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kwa reli na kwa kukokotwa porini juu ya madaraja yaliyojengwa kwa jasho la Waafrika. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi ili isitekwe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Ndiyo hiyo hiyo iliyobeba mama wenye mapakacha, walimu waliohamishwa vituo, na mwaka 1997 wakimbizi waliokuwa wakirudi Kongo, mpaka ilipobidi isimamishwe kwa matengenezo makubwa.

Kutokana na vita hivyo vya ziwani, mwandishi wa Kiingereza C. S. Forester alitunga riwaya iliyotoka mwaka 1935, The African Queen. Mwaka 1951 riwaya ikawa filamu. Hapa mtu ataona jinsi uchaguzi wa nchi unavyokwenda: kisa ni cha Tanganyika, lakini picha zilipigwa Uganda na Kongo. Kisha, Disney ilipojenga bustani yake ya kwanza, wabunifu wake waliitumia filamu hiyo kama mfano wa mchezo mmoja mashuhuri, Jungle Cruise: mashua ndogo yenye paa inayopita katika mto wa kuchimbwa, ukingoni viboko na tembo wa mashine. Mchezo huo ulifunguliwa mwaka 1955 pamoja na bustani yenyewe, na umeigwa katika bustani nyingine za kampuni hiyo. Miongoni mwa vitu vilivyowekwa pale kuwachekesha wageni walikuwemo Waafrika wa sanamu waliotengenezwa kama washenzi wa porini. Ilichukua mpaka Januari 2021 kampuni kutangaza kwamba itaziondoa taswira za namna hiyo.

Kwa hiyo, ndugu, kisa cha ziwa hili kilikwisha chaguliwa zamani. Kimo katika bustani za burudani tangu siku ya kwanza. Kilichukuliwa kama katani ilivyochukuliwa, kikiwa ghafi, kikasokotwa kwingine, kikauzwa kwa tiketi, na wenye ziwa hawakupata senti wala heshima.

Sasa tuitazame namna nchi zinavyochaguliwa, maana hapa kuna kasumba nyingi. Wengi hudhani kampuni hutafuta mandhari. La hasha! Mwaka 1985 Disney ilikuwa ikipima kati ya Hispania na Ufaransa. Hispania ilikuwa na jua na bahari. Ufaransa ya kaskazini ina mvua na baridi. Ikachaguliwa Ufaransa. Kampuni ilihesabu watu wangapi wenye fedha mfukoni wanaweza kufika kwa saa chache, na ikahesabu serikali iko tayari kutoa nini. Serikali ya Ufaransa ilitoa mengi. Ardhi ya karibu hekta 2,000 huko Marne-la-Vallée, sawa na moja ya tano ya mji wa Paris, ilitolewa kwa bei ya mashamba. Reli ya abiria ilirefushwa hadi mlangoni, na ukatolewa mkopo wa riba nafuu. Bustani ilifunguliwa Aprili 1992. Miezi miwili baadaye wakulima wa Kifaransa, waliokuwa na hasira juu ya siasa ya kilimo ya Marekani, waliziba njia zake kwa matrekta. Ikapata hasara kubwa, na mwaka 1994 ikabidi mabenki yakae mezani kuinusuru. Baadaye ilikuja kuvutia wageni wengi kuliko nyingine yoyote Ulaya. Lakini ni lazima ikumbukwe kwamba iliyokuwa ikiubeba mzigo huo ni nchi tajiri, yenye hazina nene na wataalamu wa kusoma kila kifungu cha mkataba.

Tokyo, iliyofunguliwa mwaka 1983, inafundisha jambo jingine. Bustani ile ni mali ya kampuni ya Kijapani, nayo Disney hulipwa ada kwa jina na ubunifu wake. Abu Dhabi ni hivyo hivyo: ujenzi na uendeshaji ni wa kampuni ya huko, Miral, na Wamarekani wanatoa michoro na jina, kisha wanapokea ada. Anayeitwa mwekezaji hakuweka mtaji. Nchi iliyochaguliwa ndiyo iliyonunua haki ya kuchaguliwa.

Kwa vipimo hivyo Kigoma haina nafasi, na kusema hivyo si kuitukana. Garimoshi kutoka Dar es Salaam husafiri karibu kilometa 1,250. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilometa 506, ulitiwa saini Desemba 2022, na reli si kitu cha kuota usiku mmoja kama uyoga. Umeme wa gridi ya taifa uliufikia mkoa huu baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 2,470,967 katika mkoa, wengi wao wakulima na wavuvi, watu ambao tiketi moja ya bustani kama zile ingewamalizia mapato ya wiki nyingi. Ng'ambo ya ziwa, mashariki ya Kongo haijatulia. Hakuna mhasibu wa kampuni hizo atakayetia alama hapa.

Hata hivyo, hatari haiko mbali. Zipo kampuni ndogo kuliko Disney, nazo zinatafuta fukwe. Siku moja mtu atafika na kabrasha lenye picha za rangi, hoteli, gati, mapango ya saruji na treni ya watoto, ataahidi ajira, na ataomba ardhi. Ardhi gani? Ni ile iliyo kando ya maji, kwa kuwa hakuna anayejenga bustani ya ziwa mlimani. Na kando ya maji tayari kuna watu. Kuna Kibirizi, kuna Katonga, kuna Ujiji yenyewe. Kuna vichanja na mchanga wa kuanikia dagaa, na akina mama wanaosubiri mitumbwi alfajiri. Watu hao wamekwisha kujinyima kwa ajili ya ziwa: kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulifungwa ili samaki wapate kuzaliana, na kaya zilizoishi kwa karabai zikakaa gizani miezi mitatu. Haiwezekani waambiwe wapumzishe ziwa, kisha ufukwe wapewe wengine.

Mkoa huu unao mfano wa kukumbuka. Mahale ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985, na ni sifa kwa Tanzania. Watafiti wa Kijapani walikuwa huko tangu 1965. Lakini Watongwe, ambao makao na matambiko yao yalikuwa katika milima ile, iliwabidi waondoke. Mgeni anayeshuka Mahale leo hukuta msitu na sokwe mtu, akafikiri hapajawahi kuishi mtu. Hiyo nayo ni bustani ya maigizo kwa namna yake: pori lililoondolewa wenyeji ili lionekane la asili.

Jambo hili lilijadiliwa na wasomi wa nchi hii mapema. Mwaka 1970 mjadala mkali kuhusu utalii na ujamaa ulizuka Dar es Salaam, na mwaka 1973 Tanzania Publishing House ikautoa katika kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji. Wapo waliosema utalii utaleta fedha za kigeni, na wapo waliosema utaleta utumwa wa adabu na kumfanya mwananchi mtumishi wa anasa za wengine. Mengi yamebadilika tangu wakati huo, na leo ni wachache wanaotaka mgeni afukuzwe. Lakini swali lao halijazeeka: mgeni anapokuja, nani ameamua ataonyeshwa nini, na fedha yake inalala wapi?

Jibu laweza kutafutwa Ujiji, chini ya miembe. Hapo, kwa tarehe iliyozoeleka ya 10 Novemba 1871, Stanley alimkuta Livingstone. Mwembe wenyewe haupo tena. Iliyopo inasemekana ni ya kizazi chake. Kuna mnara wa jiwe, na kuna makumbusho yenye sanamu za watu hao wawili wakisalimiana. Majirani wa Burundi nao wana jiwe lao huko Mugere, kusini ya Bujumbura, lililochorwa majina ya wasafiri hao na tarehe 25 Novemba 1871, na wapo wanaodai kwamba pale ndipo walipokutana. Ukweli ni kwamba walipita huko pamoja baadaye, walipokwenda kuchunguza kama Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, wakakuta unaingia. Nchi mbili za Kiafrika kushindana kuhusu mahali Wazungu wawili walipopeana mkono ni jambo la kuchekesha kidogo, kama si la kuhuzunisha.

Maana salamu ile haikujileta. Msafara wa Stanley uliongozwa na watu kama Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa amefika Ujiji tangu 1858 pamoja na Burton na Speke. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi iitwayo leo Zambia, Susi na Chuma pamoja na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba mpaka Bagamoyo. Na kabla yao na baada yao, maelfu ya wapagazi na watumwa, wengi wao kutoka Manyema ng'ambo ya ziwa, walipita Ujiji na meno ya tembo mabegani. Wajukuu na vitukuu vyao ndio wenye mji. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza kuwa Urithi wa Dunia. Kuandikwa katika orodha ni hatua ya kwanza tu; kazi iliyobaki ni ya watu walioketi katika ukumbi huu.

Kazi hiyo haihitaji posa ya Abu Dhabi. Liemba ikirudi majini na kuendelea kubeba abiria, mgeni atalipa zaidi kuipanda kuliko atakavyolipa kwa mashua ya mfano, na mama wa Kirando ataendelea kushuka na mzigo wake. Makumbusho ya Ujiji yakimweka mpagazi mbele, pamoja na jina lake kila linapojulikana, hakuna kampuni itakayoweza kuiga, kwa sababu haina wajukuu wa kuwahoji. Na atakapofika mwenye kabrasha, afisa ardhi anaweza kumpangisha badala ya kumwachia moja kwa moja. Katika vijiji vya ufukweni, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano wa kijiji sauti. Ni wajibu wa mtumishi wa umma kuuitisha kabla ya kalamu kushikwa, si baada ya uzio kusimama. Katika mitaa ya Manispaa, ambako sheria hiyo haifiki, wajibu wa afisa ni mzito zaidi, kwa kuwa mvuvi hana kikao kingine cha kumkingia kifua.

Kwa upande wa walimu, wapo wazee Ujiji ambao babu zao waliingia mjini na misafara, na kila mwaka wanapungua. Wanafunzi wa darasa la sita na la saba wanaweza kupelekwa kwao muhula huu, kila mmoja na daftari lake, waulize majina ya mababu, njia walizopita, na mizigo waliyobeba.