Nibu ya Kalamu ya Wino na Matengenezo Yake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Jambo letu la leo ni dogo kwa umbo, nalo ni nibu ya kalamu ya wino. Huenda wengine wakacheka, lakini karani na kalamu yake ni kama mkulima na jembe lake. Tangu mwaka 1922, Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha mjini Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, kazi ya vyama vya namna hii imepita katika kalamu: barua, kumbukumbu za mikutano, na hesabu za ada. Siku hizi maandishi mengi ya ofisi hupigwa kwa mashine, lakini saini na kumbukumbu zetu twaziandika bado kwa mkono.

Twaanza kwa kuungama kosa. Wengi wenu mwaikumbuka kalamu ya marehemu mzee wetu aliyekuwa mwandishi wa chama hiki. Nibu yake ilikuwa ya dhahabu, na kwa kalamu hiyo daftari letu liliandikwa miaka mingi. Alipofariki tulikabidhiwa sisi. Siku moja ikaanza kukwaruza karatasi. Hatukumwuliza mtu. Tulitwaa kinoo cha kunolea visu tukaisugua nibu mpaka ikalainika, na kwa siku mbili tukajisifu. Siku ya tatu ikaanza kuchimba karatasi na kuandika mstari mnene upande mmoja. Tuliipeleka kwa fundi saa, naye akaitazama kwa kioo chake, akatuambia kwa upole: “Mabwana, chembe ngumu mmeimaliza. Iliyobaki ni dhahabu tupu, nayo ni laini, haitadumu juu ya karatasi.” Akatuonyesha kwamba ulimi mmoja wa nibu ulikuwa umeshuka chini ya mwenziwe kwa unene wa unywele, na huo ndio tuliousaga zaidi. Kosa lenyewe lingaliondoka kwa ukucha, katika dakika moja. Majuto ni mjukuu.

Basi yafaa tujue nibu ni kitu gani. Nibu iliyopigwa chapa 585, au karati 14, ina sehemu 585 za dhahabu katika kila sehemu 1000. Dhahabu ilichaguliwa kwa kuwa hailiwi na ukali wa wino. Lakini kwa sababu ni laini, nchani huunganishwa chembe ndogo ya madini magumu ya jamii ya iridiamu, nayo ndiyo igusayo karatasi. Katikati ya nibu kuna mpasuo uigawao katika ndimi mbili. Mpasuo huo hupungua upana kadiri unavyokaribia ncha, na wino hufuata mahali palipo pembamba, kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Chini ya nibu kuna mkondo wenye mifereji midogo. Wino ukishuka, hewa hupanda kuchukua mahali pake. Mkondo wa namna hiyo ndio Lewis Waterman wa New York aliopata hataza yake mwaka 1884, na tangu hapo kalamu ya kujazwa wino ikawa chombo cha kutegemewa.

Mtu akisema, “Nibu yangu imeharibika,” aghalabu ana moja katika malalamiko matatu.

La kwanza, kalamu hukatakata maneno au hukataa kuandika. Mara nyingi nibu ni nzima, ila wino umekauka ndani. Dawa yake ni maji baridi: yajazwe na kumwagwa, tena na tena, mpaka yatoke meupe, kisha kalamu ilale usiku kucha, nibu ikiwa chini juu ya kitambaa. Maji ya moto yasitumike, wala spiriti, kwa kuwa huharibu miili ya kalamu nyingi. Wino wa buluu-nyeusi wenye chuma ni mzuri kwa daftari, kwa kuwa haufutiki upesi, lakini usiachwe ukaukie ndani. Na wino mweusi wa wachora ramani usitiwe kabisa, maana una utomvu unaoganda kama gamba. Kalamu ikiwa safi na bado inakataa, yamkini mpasuo umebana mno, au ndimi zimetanuka nchani hata wino haufiki.

La pili, kalamu hukwaruza. Hapo kwanza tutazame kwa kioo cha kukuzia, nibu ikielekezwa machoni. Ndimi zikiwa si sawa, ule ulioshuka usukumwe juu kwa ukucha, kidogo kidogo, na kila mara tuandike na kutazama tena. Ndimi zikiwa sawa na mkwaruzo ukabaki, hapo ndipo kazi ya kulainisha kwa karatasi laini mno, na kazi hiyo ni ya fundi. Kilichosagwa hakirudi.

La tatu, kalamu hudondosha wino. Wengi hulaumu nibu, kumbe mara nyingi wino umebaki kidogo ndani, na joto la mkono limeitanua hewa, nayo ikasukuma wino nje. Kalamu ijazwe kabla haijakaribia kwisha.

Na chanzo cha madhara mengi ni kukandamiza. Mwenye kunakili kwa karatasi za kaboni na asitumie kalamu ya nibu, bali penseli au kalamu ya kidoto, maana nguvu itakiwayo na kaboni ndiyo itanuayo ndimi. Kwa sababu hiyo pia, kumwazima kalamu mtu aliyezoea kukandamiza ni hatari, hata akiwa mkubwa wetu.

Tukilazimika kwenda kwa fundi, twende kwa adabu na akili. Kwanza, tumwonyeshe jinsi tuandikavyo, jinsi tushikavyo kalamu na upande tuinamishao mkono, kwa maana nibu iliyolainishwa kwa mkono mmoja huenda ikakwaruza mkononi mwa mwingine. Pili, tumweleze ugonjwa, tusimwamrishe dawa. Tatu, tusiondoke kabla ya kuandika mbele yake mistari kadha kwa wino wetu na juu ya karatasi tuitumiayo ofisini. Akisema kwamba nibu haifai kuguswa, tumshukuru kuliko yule anayekimbilia msasa.

Kalamu ya mzee wetu ingali kabatini. Kutia chembe mpya nchani ni kazi ya mafundi wachache sana duniani, na mfuko wetu hauimudu sasa. Tungaliweza kununua nibu nyingine, lakini ile ya zamani tusingeiacha, kwa kuwa ndiyo iliyoandika majina ya wanachama wa kwanza.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano ukubali mambo mawili. Mosi, kinunuliwe kioo kimoja cha kukuzia kwa fedha za chama, kikae kwa Mwandishi, kila mwanachama akitumie kabla ya kuigusa nibu yake. Pili, kalamu ya marehemu iandikwe katika orodha ya mali ya chama pamoja na habari ya kosa letu, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Na jina litakaloandikwa penye kosa hilo liwe letu.