Taa Kuwaka Si Usalama: Hotuba kwa Vijana wa Mafunzo ya Umeme

Tunaadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni.

Nimeombwa niseme neno kwa vijana wanaomaliza mafunzo ya kufunga umeme majumbani. Neno langu ni moja: taa kuwaka si ushahidi kwamba nyumba ni salama.

Waya wenye umeme ukigusa bati la pasi, ethi hutakiwa kupeleka umeme ardhini kwa wingi hadi fyuzi ikatike. Wako mafundi wanaopima ethi kwa balbu. Ikiwaka, wanaondoka. Tufanye hesabu. Nondo ya ethi katika ardhi kavu yaweza kuwa na ukinzani wa omu 100. Balbu ya wati 60 ina omu karibu 880, hivyo itawaka vizuri. Lakini siku pasi itakapoharibika, volti 230 gawanya kwa 100 ni ampea 2.3 tu. Fyuzi ya ampea 5 haikatiki, na pasi inabaki na umeme, ikimngoja mtoto.

Kwa hiyo fuateni utaratibu. Kwanza, zimeni swichi kubwa na kuhakikisha umeme haupo. Pili, pimeni waya wa ethi kutoka kwenye nondo hadi kila soketi. Omu ziwe karibu na sifuri. Tatu, toeni balbu na vyombo vyote, kisha pimeni maganda ya nyaya kwa kipimo cha volti 500. Kati ya waya wa umeme na ethi isipungue megaomu 1. Nne, nondo ipimwe kwa kipimo chake, tena wakati wa kiangazi, maana ardhi ya masika hudanganya.

Mwisho, washeni umeme mpime volti kwenye soketi, kwanza pasi ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Zikishuka sana, waya unaoleta umeme ni mwembamba au kiungo kimelegea, na kiungo kilicholegea huunguza nyumba.

Washaurini wenye nyumba wafunge swichi inayokata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Kitufe chake cha majaribio kibonyezwe, ila mjue hakipimi nondo.

Ndugu zetu wa mashirika, vijana hawa mmewapa koleo na bisibisi, nasi tunashukuru. Tunaomba na vipimo, hata seti moja ya kushirikiana. Fundi asiye na kipimo anabahatisha, na wanaolala ndani ya nyumba hiyo ni watoto wetu.