Livu ya Uzazi Ianze Lini?
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama wanawake wa tawi)



Tumeombwa tuseme habari ya livu ya uzazi, hasa kwa dada zetu watakaozaa mara ya kwanza. Swali ni lile lile kila mwaka: tuondoke kazini lini? Tena kila mtu ana jibu lake. Mama mkwe asema mwezi wa saba. Msimamizi asema shauri lako. Mume asema fanya upendavyo, kisha ashika gazeti.

Kwanza tujue haki yetu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 29, yampa mwanamke miezi 3 kwa mshahara kamili, na akirudi apewe kazi yake ile ile, au nyingine inayomfaa, yenye masharti yasiyopungua yale ya kwanza. Lakini sheria haikutaja mwezi wa kuanza. Yataka tu mfanyakazi apeleke taarifa kwa maandishi, si chini ya siku 7 mbele, ataje siku ya kuondoka na kwamba atarudi. Mwajiri akitaka hati ya daktari au ya mkunga, apewe. Basi siku ile twaichagua sisi. Ofisi moja ilimwambia dada yetu aanze mwezi wa saba kwa kuwa yunifomu haimtoshi. Yunifomu si daktari. Chama kiliandika barua, akapewa yunifomu kubwa.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi wapoteapo. Miezi 3 ni kitambaa kimoja: ukikata mbele, nyuma hupungua. Tuseme kadi ya kliniki yaonyesha 30 Septemba. Ukianza livu 1 Agosti, itakwisha 31 Oktoba. Mtoto akija siku ile ile, utamwacha akiwa na umri wa mwezi mmoja. Akichelewa siku 10, utamwacha ana majuma 3 tu, nawe mwenyewe hujapona sawasawa. Lakini ukianza 16 Septemba, livu yaendelea mpaka 15 Desemba, na mtoto atakuwa ana majuma 11 hivi. Madaktari wa Shirika la Afya Duniani wataka mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi 6. Kwa hiyo kila juma tunaloweza kulihifadhi ni juma la kunyonyesha.

Na hiyo tarehe ya kadi si ya kuaminiwa kama saa ya stesheni. Huhesabiwa siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, lakini wanaozaliwa siku hiyo hasa ni wachache, kama mmoja katika 20. Mtoto wa kwanza mara nyingi huchelewa kidogo. Sisi watu wa reli twapenda ratiba, hapa hatuna.

Mama zetu wa zamani hutuambia tuondoke mapema. Hatuwadharau, lakini wao walikuwa chini ya sheria ya mwaka 1976, iliyotoa miezi 2 tu, na mwenye kuichukua alipoteza livu yake ya mwaka. Siku hizi haipotei. Livu ya mwaka ni siku zisizopungua 21 za kazi kwa aliyetimiza miezi 12 kazini, nayo ni mbali na ya uzazi. Aliyechoka aweza kuanza na siku hizo mwezi wa mwisho, miezi 3 ibaki nzima. Mwenye nguvu azitunze azichukue baadaye, mtoto azidi kukua. Sisi twaona hii ya pili ni bora, mwili ukikubali.

Twasema mwili ukikubali kwa kuwa kazi zetu si sawa. Anayeuza tikiti ameketi aweza kufika majuma mawili kabla ya tarehe, na wengine wamepita hapo. Anayeosha mabehewa, akipanda na kushuka na ndoo, au asimamaye usiku kucha, asijilinganishe naye. Huyo aombe kazi nyepesi mapema, kwa barua, pamoja na hati ya daktari, asingoje kuanguka. Na akiugua kabla ya kuzaa, daktari akaandika, hiyo ni livu ya ugonjwa: siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kwa aliyetimiza miezi 2 kazini. Asikubali ofisi iziandike kuwa za uzazi.

Damu ikitoka, au maji, au kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, au uso na mikono ikivimba ghafula, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, hapo hakuna hesabu tena. Ni hospitali saa ile ile, hata kama zamu haijaisha.

Wengi twataka kuzaa mtoto wa kwanza kwa mama zetu, Kisumu au Taita au kwingineko. Ni vizuri, lakini safari ndefu katika juma la 38 ni hatari, basi atakayekwenda lazima aondoke mapema zaidi. Huyo hasa atumie siku za livu ya mwaka.

Akina baba, nanyi mna majuma 2 kwa mshahara kamili. Msiyatumie kabla mama hajatoka hospitali.

Barua iwe nakala mbili, moja igongwe mhuri na kubaki kwako. Andika pia kwamba mtoto akija kabla ya siku uliyotaja, livu ya uzazi ianze siku hiyo. Karatasi za mfano ziko kwa Katibu wa tawi. Anayekwenda kwake achukue na kadi ya kliniki.