VIFAA VYA KUBADILI TAIRI LA KITI CHA MAGURUDUMU NYUMBANI

Haya tuliyasema mbele ya mkutano. Tunayabandika hapa ukutani kwa ajili ya wenzetu waliokuwa shambani siku ile.

Wengi mnakumbuka jinsi mama yetu mmoja alivyoporomoka na kiti chake siku ya kupima korosho, pale kwenye mteremko wa ghala. Breki alikuwa amezifunga. Kiti kikaenda tu mpaka mtaroni, mkono ukateguka, na korosho zake zikapimwa mwenyewe hayupo. Sote tukalaumu breki. Kumbe breki za viti vingi vya aina hii kazi yake ni kulibana tairi lenyewe. Upepo ukipungua, breki haina cha kubana. Na sisi tuliomsukuma asubuhi ile tuliliona tairi limelala, tukasema aa, litafika tu. Kosa hilo ni letu.

Tukaongeza na la pili. Tulimtuma mwenzetu kutoka huku Kisarawe aende Kibaha akanunue tairi jipya, tukamwambia "namba 24", basi. Akaleta la 24 kweli, likagoma kuingia. Nauli ya kwenda na kurudi ikapotea bure, na mama yetu akakaa ndani siku nyingine kadhaa. Muuzaji hana kosa, alitoa alichoombwa. Jamani, 24 ziko zaidi ya moja! Tazama ubavuni mwa tairi la zamani utaona namba mbili zenye kistari katikati. Ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa, kwa milimita. La kiti chetu ni 37-540. Tulilonunua lilikuwa la baiskeli, 47-507. Yote mawili huitwa 24, lakini yamepishana milimita 33. Hapo hata mje vijana kumi mvute, haliingii. Kwa hiyo nakili namba zote mbili kwenye karatasi, au chukua tairi lenyewe bovu uende nalo dukani.

Sasa vifaa. Si vingi: pampu inayokubali vali ya kiti, vijiko viwili vya chuma vyenye mpini mnene usio na makali, kipande cha msasa, viraka na solusheni, karai la maji, na tofali mbili au gogo la kuinulia kiti. Bisibisi hatuitaki. Ncha yake ndiyo inayotoboa tyubu mara ya pili, halafu tunasema tyubu za siku hizi mbovu.

Kwanza mwenye kiti aulizwe anataka kukaa wapi, mkekani au kwenye benchi. Asinyanyuliwe kama gunia. Gurudumu la kiti limeshikwa upande mmoja tu, si kama la baiskeli, hivyo mara nyingi tairi hutoka kwa upande wa nje bila kufungua nati hata moja. Toa upepo wote. Liminye tairi kuzunguka, kingo zake zishuke katikati ya ringi, hapo litalegea na vijiko vitafanya kazi kwa ulaini. Ukitoa tyubu, itie upepo, izamishe kwenye karai, utaona mapovu. Kausha, piga msasa, paka solusheni, kisha ngoja ikauke kabla ya kubandika kiraka. Hapa ndipo wengi tunapoharibu kwa haraka. Kabla ya kurudisha, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi, maana mwiba uliotoboa huenda bado umo.

Wakati wa kurudisha, tia upepo kidogo kwenye tyubu isijikunje. Malizia kuvalisha tairi penye vali, kisha isukume vali ndani kidogo uhakikishe tyubu haikubanwa. Jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Halafu funga breki ujaribu kusukuma. Kiti kikienda, kazi haijaisha.

Fundi baiskeli tunaye, na riziki yake hatumnyimi. Ila pancha haingoji fundi arudi kutoka mnadani.

Lililobishaniwa sana ni sanduku la vifaa likae wapi. Wengine walitaka ofisini chini ya kufuli. Sisi tunasema likae nyumbani kwa wenye viti, kwa sababu mtu aliyepata pancha Jumamosi jioni hawezi kutambaa hadi ofisini akakute mlango umefungwa. Mkutano umekubali. Vijiko na tofali vimeshapatikana, viraka vitanunuliwa wiki hii. Kilichobaki ni pampu ya ushirika iliyoazimwa kabla ya msimu wa korosho. Aliye nayo anajijua. Airudishe kwa Katibu kabla ya Ijumaa, hata usiku, hatutauliza neno.