Utafiti Utangulie Nguzo: Upepo wa Baharini na Maswali ya Wakazi wa Mwambao

Matini ya mada iliyotolewa mbele ya wakazi wa kata za pwani, katika mazungumzo kuhusu huduma za nishati na hifadhi ya mazingira ya bahari.



Mvuvi wa mwambao huu huujua upepo kwa majina yake. Kaskazi na kusi ndizo zilizougawa mwaka wake tangu enzi za majahazi, na umande wa alfajiri ndio unaoitoa ngalawa yake pwani kuielekea kina. Kwake upepo ni kalenda, ni nauli, na wakati mwingine ni hatari. Katika nchi nyingine upepo huohuo wa baharini umepewa kazi ya ziada, nayo ni kuzalisha umeme.

Kazi hiyo ilianza mwaka 1991 huko Vindeby, nchini Denmark, ambako mitambo 11 ya upepo ilisimikwa majini, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kilowati 450. Shamba hilo, la kwanza la aina yake duniani, lilivunjwa mwaka 2017 baada ya kutumika kwa robo karne. Leo upo mtambo mmoja mmoja wenye uwezo unaozidi megawati 10, yaani zaidi ya mara mbili ya uwezo wa Vindeby yote. Mahali penye maji ya kina kirefu, ambapo nguzo haiwezi kufika chini, mitambo huelea na kufungwa kwa minyororo. Ndivyo ilivyo mitambo mitano ya Hywind, iliyoanza kazi mwaka 2017 katika bahari ya Scotland.

Katika maji ya Tanzania hakuna bado mtambo wa namna hiyo. Kwa sababu hiyo hasa, huu ndio wakati wa kulizungumza jambo lenyewe. Nguzo ikishakita chini ya bahari, hakuna awezaye tena kupima bahari ilivyokuwa kabla yake. Kipimo cha kwanza kikikosekana, kila ugomvi utakaofuata kati ya mvuvi na mwekezaji utakuwa ugomvi wa maneno matupu: huyu atasema samaki wamepungua, yule atasema hawakupungua, na hakuna kitu cha kuwaamua.

Kupima kabla ya kujenga

Denmark ililitambua jambo hili mapema. Ilipoamua kujenga mashamba mawili makubwa, Horns Rev katika Bahari ya Kaskazini mwaka 2002 lenye mitambo 80, na Nysted katika Bahari ya Baltiki mwaka 2003 lenye mitambo 72, uliandaliwa mpango mmoja wa utafiti ulioanza kabla ya ujenzi na kuendelea baada ya mitambo kuwashwa. Gharama zake zilitokana na tozo iliyolipwa na watumiaji wa umeme, na kazi ya watafiti ilikaguliwa na jopo la wataalamu huru kutoka nchi mbalimbali. Hivyo mjenzi hakuachwa ajisahihishe mtihani wake mwenyewe.

Njia iliyotumika ni nyepesi kueleweka. Watafiti huchagua sehemu mbili za bahari zinazofanana: moja itakayojengwa mitambo na nyingine itakayoachwa kama ilivyo. Zote mbili hupimwa kabla ya ujenzi, wakati wa ujenzi na baada yake. Samaki wakipungua kotekote, sababu huenda ikawa joto la maji au uvuvi wa kupita kiasi. Wakipungua penye mitambo tu, mtuhumiwa anajulikana. Mvuvi aliyetega dema mbili, moja kwenye mwamba na nyingine mchangani, kisha akalinganisha alichopata, ameshaifanya sayansi hiyo bila kuipa jina.

Mashamba matatu, majibu matatu

Mnyama aliyefuatiliwa kwa makini zaidi ni pomboo mdogo wa bahari za kaskazini, ambaye hutafuta chakula na njia kwa kutoa milio na kusikiliza mwangwi wake. Vinasa sauti vilitegwa chini ya maji ili kuhesabu milio hiyo usiku na mchana. Palipo na milio mingi pana pomboo wengi. Palipo kimya, wamehama.

Huko Horns Rev, pomboo walipungua wakati wa ujenzi, lakini mitambo ilipoanza kazi walirejea. Huko Nysted walipungua sana, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba miaka takriban kumi baada ya kipimo cha kwanza, milio ilikuwa bado karibu asilimia 29 tu ya ile ya awali. Huko Egmond aan Zee, shamba la mitambo 36 nchini Uholanzi, ilisikika milio mingi zaidi ndani ya shamba kuliko nje yake. Watafiti walitoa maelezo mawili yanayowezekana: huenda chakula kiliongezeka kuzunguka nguzo, na huenda pomboo walipata utulivu mahali ambapo meli na nyavu za kukokota hazikuruhusiwa kupita.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba misingi ya Nysted, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ya zege iliyowekwa chini kwa uzito wake, wakati ile ya Horns Rev ilikuwa mabomba ya chuma yaliyopigwa kwa nyundo yenye kishindo kikuu. Aliyekisia angesema pomboo wa Horns Rev ndio watakaokimbia moja kwa moja, na kisio lake lingekuwa kinyume. Maelezo yaliyopendekezwa ni kwamba Horns Rev ni mahali penye riziki nyingi, na mwenye njaa huvumilia usumbufu. Nysted haikuwa na cha kuwarudisha.

Funzo lake kwa mwambao huu ni zito. Ripoti ya bahari moja haiwezi kuwa cheti cha bahari nyingine. Wahenga walisema bahari haishi zinge. Atakayekuja siku moja na kitabu cha Ulaya mkononi, akidai kwamba madhara yameshachunguzwa na hakuna haja ya kuchunguza tena, atakuwa amesoma shamba moja na kuyaruka mawili.

Kelele na pazia la mapovu

Utafiti mzuri haukomei kwenye kuonya. Huleta pia tiba. Wakati mitambo 12 ya Alpha Ventus ilipokuwa ikijengwa nchini Ujerumani, watafiti walihesabu pomboo kutoka angani na kuona kwamba waliepuka kelele za nyundo hata umbali wa kilomita 20. Ujerumani imeweka kikomo cha kelele hizo: desibeli 160 zikipimwa mita 750 kutoka kwenye nguzo inayopigwa. Ili kutozidi kikomo hicho, wajenzi huzungusha mpira wenye matundu chini ya bahari na kusukuma hewa ndani yake. Mapovu hupanda kama pazia na kuipunguza nguvu sauti kabla haijafika mbali.

Kwa upande wa ndege, rada ziliwekwa Nysted kuwafuatilia bata wa baharini wanaohama kwa makundi. Ilionekana kwamba wengi waliyazunguka mashamba, na waliopita karibu na mitambo kiasi cha kuweza kugongwa hawakufika asilimia moja. Hayo ni majibu ya bata wale katika njia yao ile. Ndege wengine huulizwa upya.

Mvuvi mahali pake

Swali linalowagusa wakazi wengi ni la uvuvi. Nchini Ubelgiji, ambako wanasayansi wamefuatilia mashamba ya upepo kwa miaka mingi, nguzo zimegeuka kuwa miamba: kome hujishika juu yake, na samaki hukusanyika kuizunguka. Habari hiyo ni njema, lakini ina maswali mawili ndani yake. Je, samaki hao wameongezeka, au wamehama tu kutoka kwingine? Na je, wamemfaa nani, ikiwa mvuvi haruhusiwi kuingia? Ubelgiji imefunga mashamba yake kwa vyombo vya uvuvi, ilhali Uingereza kwa kawaida huruhusu vyombo kupita. Sayansi inaweza kulijibu swali la kwanza. La pili ni la haki, na hujibiwa mezani, watu wote wakiwapo.

Mfano wa kutazamwa ni ule wa Block Island nchini Marekani, shamba la mitambo mitano lililoanza kazi mwaka 2016. Huko samaki walivuliwa na kuhesabiwa kila mwezi kwa miaka saba, kabla ya ujenzi, wakati wake na baada yake, kwa kutumia chombo cha uvuvi wa biashara. Mvuvi hakuitwa mwishoni kusomewa matokeo. Alikuwepo wavu ulipotupwa na ulipovutwa. Matokeo yanapopatikana kwa njia hiyo, hata yasiyopendeza hukubalika.

Yanayowahusu wakazi wa hapa

Bahari ya mwambao huu ina wakazi wake wasiopatikana katika vitabu vya kaskazini. Nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari za kusini kuanzia Julai kuja kuzaa na kunyonyesha katika maji ya joto. Nguva wachache waliobaki huishi kati ya Rufiji na Mafia. Papa potwe huonekana Kilindoni, kasa hutaga katika fukwe, na Tanga ina silikanti, samaki aliyedhaniwa na wanasayansi kuwa ametoweka tangu zama za kale. Hakuna kinasa sauti cha Baltiki kilichowahi kuwauliza hao chochote.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni. Nafasi hiyo huwa na maana pale mwananchi anapojua la kuuliza. Siku mradi wa upepo wa baharini utakapobisha hodi, maswali manne yatafaa. Upimaji umeanza lini, na umepita katika kaskazi na kusi zote mbili? Sehemu ya kulinganisha iko wapi? Nani anawalipa watafiti, na nani aliye huru anayewakagua? Na matokeo yatasomwa wapi, kwa lugha gani, na mbele ya nani?

Kuongoza utafiti si kumiliki vyombo vya gharama. Ni kulitunza swali lisiuzwe, na kuliacha jibu lisemwe hata likimchukiza aliyelipia. Kazi hiyo ni ya wanasayansi, lakini ina nafasi ya nahodha mzee anayekumbuka mahali samaki walipokuwa wakizaliana, ya mama anayechuuza dagaa na kujua mwezi gani ndoo hujaa, na ya kikundi cha usimamizi wa rasilimali za pwani chenye daftari la mavuno. Daftari hilo likianza kuandikwa leo, kwa tarehe, mahali na kilo, litakuwa ndicho kipimo cha kwanza. Umeme wa upepo ukija, litamlinda mvuvi. Usipokuja, litailinda bahari.